Darubini ya Kutazamia Mwezi: Tusihadaike na Tarakimu Kubwa

Kila unapokaribia mwandamo wa Ramadhani baadhi ya wazazi wa hapa Tunguu hutuuliza juu ya darubini ya kuwanunulia vijana wao, na suali la mwanzo huwa ni moja: inakuza mara ngapi? Suali hilo ndilo linalowapotezea watu fedha. (Ama kukubalika kwa mwezi ulioonwa kwa chombo, mafakihi wana mjadala wao, leo tumo katika chombo chenyewe.)

Tuchukue darubini ya bei nafuu, yenye kioo cha mbele cha kipenyo cha milimita 60 na urefu wa fokasi wa milimita 700. Ukuzaji hupatikana kwa kuugawa urefu huo kwa urefu wa fokasi wa kioo cha jicho. Kioo cha milimita 20 hutoa mara 35, cha milimita 4 hutoa mara 175, na kikiongezwa kile cha kuzidisha mara tatu hufika 525. Hiyo ndiyo tarakimu inayoandikwa juu ya sanduku. Hesabu ni sahihi, faida haipo.

Kwani ukuzaji hauongezi nuru. Kutoka mara 35 hadi 525, nuru ile ile hutandazwa katika eneo kubwa mara 225, na sura hufifia kwa kiasi hicho. Mpaka wenye manufaa, kwa kawaida, ni mara mbili ya milimita za kipenyo, yaani 120 hapa, tena hewa ikiwa tulivu. Hilali nayo hutafutwa chini kabisa magharibi, ndani ya hewa nzito inayochezacheza. Juu ya hayo, uwanja wa kuonea hubana: kwa mara 35 huenea miezi kama mitatu kwa upana, kwa 525 hata mmoja hauenei. Mtu hukodolea anga tupu, kisha akashuhudia kuwa mwezi haukuandama!

Basi muulize muuzaji kwanza kipenyo, kisha uimara wa miguu, ndipo ukuzaji wa 20 hadi 40. Hata darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani mara 10 na vioo vya milimita 50, yatosha familia nyingi. Tunguu minazi na miembe huziba upeo. Forodhani magharibi ni bahari. Na kabla jua halijazama, mtoto asiielekeze darubini huko kabisa: jicho huungua bila ya maumivu.