Okidi Mzimu, Mmea Ulioachana na Majani

Ukipita chini ya mti wenye okidi hii kabla haijachanua, utaona nyuzi za kijani kibichi zilizogandamana na gome, basi. Jani halipo. Shina ni kinundu tu katikati, na mizizi imetawanyika kila upande. Hiyo ndiyo Dendrophylax lindenii, okidi mzimu ya Cuba na vinamasi vya kusini mwa Florida, Marekani. Mkusanya mimea Jean Linden aliikuta Cuba mwaka 1844. Miaka miwili baadaye mtaalamu wa mimea John Lindley akaieleza kisayansi, akaiweka kwanza katika jenasi ya Angraecum, ambayo makao yake ni Afrika na Madagaska.

Mizizi ndiyo iliyobeba kazi ya majani. Ina umbijani, hivyo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Ukiitazama kwa karibu utaona vistari vyeupe vifupi, ambavyo hupitisha hewa. Tabaka lake la nje hufyonza maji ya mvua na unyevu. Mti wenyewe haunyonywi chochote, ni mahali pa kushikilia tu. Huko Florida, mmoja wa miti hiyo ni Annona glabra, ndugu wa mstafeli wetu.

Ua ni jeupe, na petali yake ya chini ina ncha mbili ndefu zilizopinda kama miguu ya chura anayeruka. Hunukia usiku. Nekta imefichwa kwenye mrija unaoweza kuzidi sentimita 12, kwa hiyo mgeni anayefaa ni nondo mwenye ulimi mrefu. Picha zilizotangazwa mwaka 2019 zilimwonyesha nondo Pachylia ficus akiwa amebeba chavua ya okidi hii.

Hata uchavushaji ukifanikiwa, safari bado. Mbegu ni laini kama vumbi na haina akiba ya chakula. Haioti mpaka ikutane na kuvu wa jenasi ya Ceratobasidium. Ndiyo maana wizi wa okidi hii unauma sana. Anayeibandua huitenga na kuvu, unyevu na nondo wake, na mara nyingi okidi hufa. Kukausha vinamasi huua hata ile isiyoguswa.

Kenya na Tanzania nazo zina okidi zisizo na majani, za jenasi ya Microcoelia. Ukikuta tawini fungu la mizizi ya kijivu lisilo na jani, tafadhali usilikwangue ukidhani ni takataka. Ni mmea hai, na huenda unajiandaa kuchanua.