Bandu Bandu Huisha Gogo

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka shule machozi yakimlenga. "Babu, nimechekwa. Kizungu kina maneno ya wenye akili. Yetu ni mepesi tu." Neno lililomfunga ulimi ni "antidisestablishmentarianism", lenye herufi 28.

Nilimkalisha barazani, tukalisoma kama tulivyosomeshwa chuoni: herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha. An-ti-dis-es-tab-lish-men-tar-i-an-ism. Kwa mwandiko, silabi 11. Kwa ulimi, 12, maana "ism" husemwa "i-zm", na ile m ikasimama pekee kama m ya "mtu". Mkazo mkuu huangukia "tar", itamkwayo kama "te" yenye kuvutwa.

Kisha tukatafuta maana. "Establish" ni kusimamisha. "Dis" hutengua, "anti" hupinga, "ment" hugeuza tendo kuwa jina, "arian" humtaja mfuasi, "ism" itikadi. Katika karne ya 19, Waingereza walibishana kama Kanisa liendelee kuwa dini rasmi ya dola. Msimamo wa waliokataa livuliwe cheo hicho ndio neno hili. Kanisa la Ireland lilivuliwa kwa sheria ya 1869, iliyoanza kutumika 1871. La Wales likavuliwa 1920. La England lingali nacho hata leo.

"Sasa sema: hawakutusimamisha."

Akasema pasi na kusita.

"Hesabu."

"Ha-wa-ku-tu-si-ma-mi-sha. Nane!"

Nane, ndugu msomaji: neno moja limetimiza mizani ya kipande kizima cha shairi. "Ha" hukanusha, "wa" ni watendaji, "ku" ni wakati uliopita, "tu" ni sisi tutendwao, "simam" ni shina, "ish" husababisha, na "a" hufunga. Tena tazama: silabi "mi" imechukua m ya shina na i ya kiambishi, kama "tar" ilivyochukua t ya "ment". Silabi ni kipimo cha ulimi. Kiambishi ni kipimo cha maana. Lugha zote mbili zina vipimo hivyo, ila mtoto alifunzwa kustahi kimoja cha wenyewe na kudharau vyote vya kwao.

Watoto wetu hawana upungufu wa akili. Wanatwishwa gogo zima bila ya kupewa shoka. Kesho yake alilitamka lile neno lote mbele ya wenziwe, wala hakuchekwa. Kisha akawauliza: "Nani atanihesabia silabi za hawakutusimamisha?"

Hapo ndipo babu nilipofurahi.