Kompyuta inapodai imehifadhi, kumbe imepoteza

KARANI wa ghala la mahindi mjini Njoro akitia sahihi kwamba amepokea magunia 100 ilhali lori lilipinduka njiani, hasara haitajulikana siku hiyo. Itajulikana siku ya kuuza.

Kosa kama hilo limewahi kugunduliwa ndani ya Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi duniani na ambao pia ndio kiini cha simu za Android.

Mtu anapohifadhi kazi, programu hukabidhi data kwa mfumo endeshi. Mfumo huziweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, kisha huziandika kwenye diski. Diski ikikataa kuandika, hutolewa namba ya hitilafu ambayo yapasa kupitishwa ngazi kwa ngazi hadi imfikie aliyeagiza.

Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walipochunguza sehemu za Linux zinazosimamia faili na diski, walipata mahali 1,153 ambapo namba hiyo ilipuuzwa. Hiyo ni asilimia 13 ya miito waliyoikagua. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2008.

Mwaka wa 2018, waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL nao walibaini kwamba Linux ingeweza kuripoti hitilafu mara moja tu, kisha ikaisahau. Programu iliporudia agizo la kuthibitisha kuwa data zimefika diskini, ilijibiwa kwamba mambo ni shwari, ilhali data zilikuwa zimepotea.

Tiba ilitoka pande mbili. Linux toleo la 4.13, la Septemba 2017, lilikuwa limeanza kutunza rekodi ya hitilafu ili kila programu iliyofungua faili husika ijulishwe. Nayo PostgreSQL, kuanzia Februari 2019, hujizima papo hapo uandishi ukishindikana, kisha hujijenga upya kutokana na daftari lake la mabadiliko.

Suala hili linaihusu Nakuru. Mei 2024, kampuni za Microsoft na G42 zilitangaza mpango wa kujenga kituo cha data Olkaria, Naivasha, kitakachotumia umeme wa mvuke. Lakini umeme wa uhakika hauwezi kuokoa data ambazo programu imezipoteza kimyakimya.

Kwa shule, zahanati na vyama vya akiba na mikopo, kinga ni kuweka nakala mahali pengine na kuzifungua mara kwa mara kuhakikisha zinasomeka. Mficha maradhi, kifo humuumbua.