Kwa Nini Programu Hugoma Baada ya Kubadili Mfumo Endeshi?

Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliyeandika, kwa lugha ya Python, programu ya kukokotoa wastani wa mvua. Programu hiyo imemtumikia mwaka mzima. Kisha kompyuta ya shule inapandishwa kutoka Debian 11 (mfumo wa jamii ya Linux uliotolewa mwaka 2021) hadi Debian 12, uliotolewa mwaka 2023. Kesho yake programu inagoma, ikidai kwamba kifurushi cha NumPy, kinachoisaidia kukokotoa, hakipo. Mwanafunzi hakufuta kitu. Je, kifurushi kimekwenda wapi?

Hakikwenda popote. Debian 11 ilikuja na Python toleo la 3.9, Debian 12 ilikuja na toleo la 3.11. Vifurushi vilivyowekwa na mfumo wenyewe kwa amri ya apt hupandishwa pamoja nao. Lakini vile ambavyo mtumiaji aliviweka kwa chombo kiitwacho pip vilihifadhiwa katika folda yenye jina la toleo la 3.9. Python mpya hutafuta katika folda ya 3.11, wala haitazami ile ya kale.

Huenda msomaji akauliza: mbona tusinakili yaliyomo katika folda ya kale? Kwa kifurushi kilichoandikwa kwa Python pekee, pengine itafaa. NumPy, hata hivyo, ina sehemu zilizoandikwa kwa lugha ya C na kugeuzwa kuwa lugha ya mashine. Sehemu hizo ziliundwa kwa kipimo cha toleo la 3.9, mfano wa ufunguo uliochongwa kwa kitasa kimoja. Kitasa kikibadilishwa, hapana budi kuchonga ufunguo mwingine.

Basi kinachohamishwa ni orodha ya majina, wala si vifurushi vyenyewe. Kabla ya kupandisha mfumo, nakili data zako mahali pengine, kisha toa amri hii:

pip3 list --not-required

Amri hiyo huorodhesha, pamoja na namba za matoleo, vifurushi ambavyo havikuletwa kwa ajili ya kusaidia vingine. Vile visaidizi vitakuja vyenyewe baadaye. Mfumo ukiisha kupandishwa, tenga mazingira ya pekee na uweke vifurushi upya, kompyuta ikiwa imeunganishwa na intaneti:

python3 -m venv hesabu
hesabu/bin/pip install numpy

Mwisho, endesha programu katika mazingira hayo kwa takwimu ambazo jibu lake unalijua. Hatua hii isirukwe, kwa maana toleo jipya la kifurushi laweza kubadili tabia yake, na programu inayokubali kuanza si lazima itoe jibu sahihi. Ndiyo sababu namba za matoleo zinastahili kuandikwa katika daftari la maabara, kando ya vipimo vya mvua: bila hizo, mwanafunzi wa mwaka ujao hataweza kuirudia hesabu hiyo na kuihakiki.