Mwali au Sindano? Uchaguzi wa Mgonjwa wa Kisukari

Zamani mtu mwenye kisukari aliyeanza kupoteza nuru ya macho hakuwa na la kuchagua. Leo daktari aweza kumwambia: kuna mwali wa leza, na kuna sindano; wewe wapendelea ipi? Wengi wakiulizwa hivyo hujibu, "Wewe ndiwe daktari, amua." Jibu hilo lina adabu, lakini halitoshi. Yako mambo ambayo daktari hawezi kuyajua asipoambiwa: kazi ya mgonjwa, umbali wa makao yake, na ni nani atakayemshika mkono siku ya kurudi nyumbani.

Nyuma ya jicho pana utando mwembamba uitwao retina, nao ndio unaopokea sura za vitu tuvionavyo. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi, vishipa vidogo vya utando huo huharibika. Vingine huvuja, na utando ukavimba katikati, mahali pale pale tunapotumia kusoma na kutambua nyuso. Vingine huziba, jicho likikosa damu huotesha vishipa vipya vilivyo dhaifu, ambavyo hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au huleta makovu yanayouvuta utando mpaka ukabanduka. Hayo yote yaweza kuanza bila maumivu yoyote, mtu akiwa bado anaona vizuri na kulenga shabaha sawasawa.

Leza ndiyo tiba ya kale zaidi kati ya hizo mbili. Mwaka 1976 uchunguzi uliofanywa Marekani kwa wagonjwa zaidi ya 1,700 ulionyesha kwamba kuuchoma kwa mwali utando wa pembeni hupunguza hatari ya kupoteza sana uwezo wa kuona kwa nusu au zaidi. Mgonjwa huketi mbele ya mashine, hutiwa matone ya ganzi, kisha huona mimweko mikali. Wengine huumia kidogo. Kwa kawaida kazi humalizika kwa vikao vichache, na faida yake hudumu miaka. Lakini sehemu zilizochomwa hazirudi tena, hivyo uwezo wa kuona pembeni na gizani waweza kupungua. Kwa karani wa ofisini pengine hilo ni dogo. Kwa askari wa lindo la usiku, au dereva wa lori la kikosi, si dogo hata kidogo.

Sindano nazo zimeenea katika karne hii. Dawa yake huzuia kemikali ya mwili inayochochea vishipa kuota na kuvuja. Maneno "sindano ya jicho" humtia mtu baridi mwilini, na si ajabu. Lakini jicho hutiwa ganzi kwanza, husafishwa, na sindano yenyewe ni nyembamba mno. Pale ambapo katikati ya utando pamevimba na mgonjwa haoni vizuri, sindano ndizo zinazotangulizwa, maana hurudisha nuru kuliko leza. Kuhusu vishipa vipya, uchunguzi wa mwaka 2015 wa watu 305 uliona kwamba baada ya miaka miwili waliopewa dawa ya ranibizumabi hawakuwa nyuma ya waliochomwa kwa leza, tena walipoteza kidogo zaidi upande wa kuona pembeni.

Basi kwa nini tusiseme wote wachome sindano? Kwa sababu sindano moja haitoshi. Mwanzoni ni karibu kila mwezi, kisha hupunguzwa polepole, na huenda zikaendelea kwa miaka. Mwaka 2019 madaktari wa Philadelphia walieleza habari za wagonjwa 59 wenye vishipa vipya waliokosa kurudi kliniki kwa zaidi ya miezi sita. Kati ya macho 30 yaliyokuwa yametibiwa kwa sindano peke yake, 10 yalikutwa utando umebanduliwa na makovu. Kati ya macho 46 yaliyopata leza, ni 1 tu. Dawa ya sindano huisha, na ugonjwa hurudi ukiwa na nguvu.

Hapo ndipo familia za askari zinapopaswa kutega sikio. Bwana akihamishwa ghafla kwenda mpakani, nani atamchoma sindano ya mwezi ujao? Mtu wa namna hiyo na amwambie daktari waziwazi kwamba huenda akahamishwa. Pengine ataona afadhali leza, au zote mbili kwa pamoja. Mkewe aliye mjini, karibu na hospitali, aweza kuchagua kinyume chake, na wote wawili wakawa sahihi.

Bei nayo isionewe haya kutajwa. Bevasizumabi, dawa iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani, hugawanywa katika dozi ndogo za macho na huwa rahisi kuliko wenzake. Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2013. Kwa wenye uvimbe wa katikati ambao nuru yao imepungua sana, afliberisepti iliitangulia katika mwaka wa kwanza, kwa mujibu wa uchunguzi wa 2015. Lakini mwaka 2022 ilionekana kwamba walioanza na ile ya bei nafuu, wakabadilishiwa walipohitaji, walifika karibu mahali pamoja baada ya miaka miwili.

Aliyechomwa sindano, akiona jicho lauma, limekuwa jekundu na nuru yapungua, na arudi hospitali siku hiyo hiyo, kwani uambukizo ni nadra lakini waweza kuliua jicho. Na yeyote mwenye kisukari aende kupimwa nyuma ya jicho walau mara moja kila mwaka, hata kama aona vyema. Siku hiyo aiache baiskeli au pikipiki nyumbani, maana matone ya kupanua mboni humfanya aone ukungu kwa saa kadhaa.