Kobalti ya Mfuko na Kobalti ya Hospitali

Labda umesikia kwamba kuko hospitali zinazotibu kansa kwa mashini ya kobalti. Nawe unaishi Kolwezi ao Likasi, mahali kobalti inapotoka ndani ya udongo. Basi unajiuliza: kama mashini ile inaua kansa, mbona mchimbaji anabeba mfuko wa kobalti mgongoni na haungui? Ao jiwe lile linaweza kunitibu mimi pia? Twende polepole.

Kila kitu kimefanywa kwa atomu, vipande vidogo kupita vumbi. Katikati ya atomu kuko kiini, na ndani ya kiini kuko protoni na netroni. Hesabu ya protoni njo inayotoa jina, kama jina la ukoo. Mwenye protoni 27 ni kobalti. Ongeza moja, tayari ni nikeli. Netroni hazigeuzi jina, zinaongeza uzito tu.

Kobalti yote ya udongo wetu ina protoni 27 na netroni 32. Jumlisha: 59. Kobalti-59 hiyo imetulia, haitoi miali. Lakini wataalamu wakiiweka ndani ya tanuru ya nyuklia, inameza netroni moja, inakuwa kobalti-60. Jina ni lile lile, uzito mwingine: hizo mbili zinaitwa isotopi. Na kobalti-60 haitulii hata kidogo. Netroni moja inageuka protoni, na miali mikali inatoka. Miali hiyo njo inaua kansa.

Sasa ninyi vijana wa masomo, angalieni vizuri, maana hapa wengi wanaanguka kwenye mtihani. Netroni ikigeuka, protoni zinakuwa 28 na netroni 32. Ukoo umebadilika, ni nikeli! Lakini jumla bado ni 60. Ni kama mifuko miwili kwenye mizani ya mnunuzi: kilo sawasawa, madini mbalimbali. Kobalti-60 na nikeli-60 njo isobari. Kila miaka 5 na miezi 3 hivi, nusu ya kobalti-60 iliyobaki inahamia ukoo wa nikeli.

Mambo haya si ya daftari tu. Mwaka 2000, huko Samut Prakan nchini Thailand, chuma cha mashini ya zamani ya hospitali kilifika kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, kikafunguliwa. Ndani mlikuwa kobalti-60. Hakuna harufu, hakuna moshi. Watu 10 waliugua sana, na 3 kati yao wakafa. Kwa hiyo, baba na mama, kijana akileta nyumbani chuma kizito chenye alama ya mabawa matatu meusi juu ya rangi ya manjano, asikipige nyundo. Mkiache pale, muondoke mbali, muite wakubwa wa serikali.

Na jiwe letu la kobalti-59? Halichomi, tena halitibu kansa. Lakini vumbi lake linaharibu mapafu. Tena mawe mengine ya Katanga, kama yale ya Shinkolobwe, yamechanganyika na uraniamu, na hiyo inatoa miali yenyewe, bila kupita katika tanuru yoyote. Msiweke mifuko ya mawe ndani ya chumba wanamolala watoto.