Simu za Chamazi na Faida za Cupertino

Ushindani wa kampuni zinazotengeneza simu janja hupimwa kwa vipimo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa: sehemu ya soko, yaani idadi ya simu ambazo kampuni moja imeuza ikilinganishwa na simu zote zilizouzwa katika kipindi hicho, na faida, yaani fedha inayobaki baada ya kampuni kulipia vipuri, kiwanda, usafirishaji, matangazo na kodi. Vipimo hivyo viwili havisemi jambo moja. Kampuni inaweza kuuza simu zake katika kila mtaa wa Wilaya ya Temeke jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Chamazi na Mbande, na bado ikabakiwa na faida ndogo kwa kila simu, huku nyingine isiyo na duka lake hata moja katika vitongoji hivyo ikivuna fedha nyingi kuliko washindani wake wote kwa jumla. Hali hiyo ndiyo iliyopo leo, na ndani yake mna maelezo ya mambo mengi ambayo mnunuzi wa Chamazi huyaona kwenye simu yake bila kuambiwa yametoka wapi.

Katika maduka ya simu ya Chamazi, kata ambayo watu wa mbali huifahamu zaidi kwa uwanja wa Azam Complex, majina yanayotawala makabati ya vioo ni Tecno, Infinix, itel na Samsung, yakifuatiwa na Redmi za kampuni ya Xiaomi, Oppo, Vivo, na iPhone ambazo nyingi zimekwisha kutumiwa na watu wengine. Mnunuzi anayelinganisha Tecno na Infinix kwa muda mrefu kabla ya kutoa fedha hudhani anaamua kati ya wapinzani wawili, kumbe majina hayo mawili, pamoja na itel, ni mali ya kampuni moja ya Kichina iitwayo Transsion, yenye makao yake Shenzhen. Kampuni hiyo imezigawanya chapa zake kwa mifuko ya wateja: itel kwa mwenye fedha kidogo, Tecno kwa wa kati, Infinix kwa vijana wanaopenda michezo ya simu na kioo kikubwa. Wauzaji wa kaunta hushindana kwa dhati, kwa kuwa mara nyingi hupata kamisheni kwa kila simu ya chapa yao inayouzwa, lakini faida ya mwisho huingia katika mfuko mmoja. Kwa hesabu za kampuni ya utafiti ya IDC, Transsion iliuza karibu simu janja milioni 95 mwaka 2023 na kushika nafasi ya tano duniani, na katika Afrika sehemu yake ya soko ilikaribia nusu ya simu janja zote zilizoingizwa.

Nafasi hiyo ya juu Afrika hapo awali ilikuwa ya Nokia. Kampuni hiyo ya Finland ilikuwa na takriban asilimia 40 ya soko la simu duniani mwaka 2008, na simu yake ya Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi na vitufe visivyopitisha vumbi, iliuzwa zaidi ya milioni 250, kiasi kwamba hadi leo simu ndogo ya aina yoyote huitwa kitochi katika mitaa ya Dar es Salaam. Anguko la Nokia huelezwa kwa kawaida kwa kutajwa iPhone ya mwaka 2007 na programu endeshi ya Android, yaani programu mama inayoiendesha simu, ambayo Google iliwaruhusu watengenezaji kuitumia bila kulipia leseni. Maelezo hayo ni sahihi kwa Ulaya na Marekani, ila kwa Afrika Mashariki yanaacha nje jambo la laini mbili. Katika miaka ambayo kupiga simu kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kuligharimu sana, mtu wa kawaida alimiliki laini ya Vodacom, ya Tigo na pengine ya Zain, akawa anachomoa moja na kuchomeka nyingine. Nokia ilitangaza simu zake za kwanza za laini mbili mwaka 2010 tu, wakati Tecno ilikuwa imekwisha kuzisambaza.

Transsion ilianzishwa mwaka 2006 na Zhu Zhaojiang, aliyewahi kufanya kazi ya kuuza nje simu za kampuni ya Ningbo Bird, na mwaka 2008 ikaamua kuielekeza nguvu yake Afrika badala ya kupigana na wakubwa nyumbani China. Simu zake ziliwekewa betri inayohimili siku nzima mahali ambapo umeme hukatika, na kamera iliyorekebishwa ili uso wa mtu mweusi usipotee gizani. Mwaka 2009 ilianzisha Carlcare, mtandao wa vituo vya matengenezo, jambo ambalo washindani walilipuuza kwa kuwaachia mafundi wa mitaani. Mkakati wa usambazaji ulikuwa na uzito uleule. Simu hushuka kwa wauzaji wa jumla wa Kariakoo, ambako wenye maduka ya Mbagala na Chamazi huenda kuchukua mzigo, na kuta za maduka hayo hupakwa rangi za chapa kwa gharama ya kampuni, hata mgeni anayepita barabarani huona buluu ya Tecno kabla ya kuona bidhaa.

Serikali nayo ilisukuma soko bila kukusudia kumpendelea yeyote. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, zile ambazo namba yake ya utambulisho, inayoonekana kwa kubonyeza *#06#, haikuwa halali. Nyingi kati ya hizo zilikuwa nakala za Samsung na Nokia zilizouzwa kwa bei ya kutupa. Aliyezoea bei hiyo hakuweza kuruka moja kwa moja hadi Samsung halisi, na simu halisi iliyokuwa karibu na mfuko wake ilikuwa itel au Tecno.

Hadi hapa hadithi ni ya ushindi, na kwa kipimo cha sehemu ya soko ni ushindi kweli. Kipimo cha pili kina habari nyingine. Mwaka 2023 Transsion ilipata mapato ya takriban yuani bilioni 62 na faida ya takriban bilioni 5.5, maana yake katika kila yuani 100 zilizoingia zilibaki karibu tisa. Katika mwaka wa fedha ulioishia Septemba 2023, Apple ya Cupertino, California, ilipata mapato ya dola bilioni 383 na faida ya dola bilioni 97, yaani kila dola 100 ziliacha dola 25, na zaidi ya nusu ya mapato hayo yalitokana na iPhone. Katika mwaka huo wa kalenda, IDC ilikadiria kuwa Apple iliuza iPhone zaidi ya milioni 234, ikiipita Samsung kwa mara ya kwanza kwa hesabu ya mwaka mzima. Kwa idadi ya simu, basi, Apple iliizidi Transsion kwa mara mbili na nusu hivi. Kwa faida iliizidi zaidi ya mara mia moja.

Ni kosa kudhani kwamba Apple haishindani Chamazi kwa sababu tu haina wakala wa kuonekana huko. Inashindana kwa simu zake kuukuu. iPhone zilizotumiwa miaka mitatu au minne Ulaya, Marekani au Uarabuni huingia Dar es Salaam, nyingi zikipitia Dubai, na kuwekwa kabatini kando ya Infinix mpya kwa bei inayokaribiana. Kijana anayechagua iPhone ya mtumba haipi Apple senti ya mauzo, wala hahesabiwi katika takwimu za IDC, lakini analisaidia soko lake kwa njia ya mzunguko: simu inayouzika vizuri baada ya kutumika humpa mnunuzi wa kwanza wa London au New York ujasiri wa kulipa zaidi ya dola elfu moja, akijua kwamba sehemu ya fedha hiyo itarudi. Tecno ya miaka mitatu haina soko la namna hiyo, na hilo ni moja ya mapungufu yake ambayo matangazo hayawezi kuyafunika.

Mtengenezaji wa simu ya bei nafuu hulazimika kutafuta faida nje ya simu yenyewe. Boomplay, huduma ya muziki iliyojaa nyimbo za Bongo Fleva, ilianza mwaka 2015 kama programu iliyowekwa tayari ndani ya simu za Tecno, kisha ikaendelezwa kwa ubia kati ya Transsion na kampuni ya NetEase. Vivinjari, duka la programu na matangazo yanayojitokeza kwenye kioo cha mbele hufuata mantiki hiyohiyo: kila simu iliyouzwa kwa faida ndogo ni mlango wa kumfikia mwenye simu kila siku. Mlango huo umewahi kupitiwa na wasiostahili. Mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream iliripoti kukuta programu hasidi, zilizokuwa zikiwaandikisha watumiaji katika huduma za kulipia bila ridhaa yao, ndani ya simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika. Transsion ilisema tatizo liliingizwa na mtoa huduma mmoja katika mnyororo wa ugavi. Hata hivyo, kuchuma kwa mtumiaji baada ya kumuuzia simu si tabia ya kampuni ndogo pekee, kwani nyaraka za kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google zilionyesha kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple takriban dola bilioni 20 ili iwe njia ya kawaida ya kutafuta taarifa katika kivinjari cha Safari. Tofauti ni kwamba mwenye iPhone haoni matangazo yakimrukia usoni.

Mahali pengine penye faida ni mkopo. Nchini Kenya, Safaricom na Google zilianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwezi Julai 2020, ambapo mteja alilipa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na biashara ya aina hiyo imeenea pia Dar es Salaam, ikimlenga dereva wa bodaboda au mama lishe mwenye kipato cha kila siku kisichokusanyika kuwa laki tatu kwa mkupuo. Mteja hutoa kianzio, hulipa kidogo kidogo kwa fedha za mtandao, na simu huwa na programu inayoifunga pindi malipo yanapochelewa. Hesabu yake ni rahisi kufanywa na haifanywi vya kutosha: anayelipa shilingi 1,500 kila siku kwa mwaka mzima hutoa shilingi 547,500, mbali na kianzio, na jumla hiyo ndiyo inayopaswa kulinganishwa na bei ya taslimu. Hapa ushindani wa chapa hufifia, kwa sababu mteja huchukua simu iliyopo kwenye orodha ya mkopeshaji.

Sera za kodi na viwanda zimegusa ushindani huu kwa kiasi kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 2021/22 iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwenye simu janja, na bajeti iliyofuata ikafuta msamaha huo. Rwanda ilizindua kiwanda cha Mara Phones mwaka 2019, Kenya ikafungua kiwanda cha Athi River mwaka 2023, na Transsion yenyewe ilianza kuunganisha simu Ethiopia mwaka 2011. Kuunganisha ni kukusanya vipuri vilivyotengenezwa kwingine, na thamani kubwa ya simu imo katika vipuri hivyo: kioo, prosesa inayofanya kazi ya ubongo, memori, na hataza, yaani haki za kisheria za wavumbuzi ambazo kila mtengenezaji hutakiwa kuzilipia. Mwaka 2024 kampuni ya Qualcomm ya Marekani iliishtaki Transsion nchini India kwa madai ya kutumia hataza zake bila malipo kamili, na kila makubaliano ya aina hiyo hupunguza zile yuani tisa.

Samsung ndiyo yenye nafasi ya ajabu kuliko zote. Katika kaunta za Chamazi ni mshindani wa pili mwenye heshima, anayebanwa chini na Tecno na juu na iPhone za mtumba, lakini nyuma ya pazia huwauzia vipuri wapinzani wake, ikiwa ni pamoja na vioo vya iPhone tangu mwaka 2017. Pamoja na SK Hynix na Micron, ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya memori za dunia. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei za memori zilipanda sana, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye mashine za akili unde ambazo wanunuzi wake hulipa zaidi. Simu ya dola elfu moja inaweza kulimeza ongezeko hilo bila mteja kuhisi; katika simu ya shilingi laki mbili na nusu, ambako memori ni sehemu kubwa ya gharama nzima, mtengenezaji hana budi kupandisha bei, kupunguza memori, au kukubali hasara. Kitengo cha simu cha Samsung kinaumia kwa hali hiyo kama Tecno inavyoumia, wakati kitengo chake cha memori ndicho kinachopokea fedha.